Kama hesabu za kukunja nafasi zipo tangu 1994, mafundi wanasubiri nini?

#1 MwishoWaReli

Wakuu, habari za jioni.

Jana kijiweni hapa Mwanga, Kigoma, tumebishana mpaka birika la kahawa likakauka. Jamaa mmoja alikuwa ametoka Dar na treni, miguu imemvimba, akasema iko siku watu wataikunja nafasi yenyewe na Dar itakuwa hapo nyuma ya soko. Wakamcheka. Mimi sikucheka, maana jambo hilo nimelisoma.

Mwaka 1994 mwanafizikia wa Mexico, Miguel Alcubierre, akiwa Cardiff huko Wales, aliandika karatasi fupi. Alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein inakataza kitu kuupita mwanga ndani ya nafasi, ila haikatazi nafasi yenyewe kusogea. Basi unaibana nafasi iliyo mbele ya chombo, unaitanua iliyo nyuma, chombo kinakaa katikati ya povu kimetulia. Aliyemo ndani hasikii hata mtikisiko. Linalokwenda ni povu, na linaweza kuuacha mwanga.

Mimi ni fundi, nafunga umeme wa jua. Msimamo wangu: kitu kikishakubali kwenye karatasi, kilichobaki ni kazi ya mikono. Tazameni meli yetu ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa masandukuni, ikavuka bahari mpaka Dar, ikapakiwa kwenye reli, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini 1915. Mwaka 1880 ungemwambia mzee wa Ujiji kwamba meli ya chuma itafika ziwani kwa kupitia porini, angekuombea dua.

Miaka zaidi ya 30 imepita tangu karatasi ile. Kwa nini hakuna aliyeanza kuchomelea?

#2 Mgebuka_Mkavu

Nimeshakaa na ugali wangu wa muhogo, nasubiri wataalamu. Ila mkuu, mkiikunja hiyo nafasi, Uvinza mtaiweka wapi? Nina shamba kule.

#3 Mvuja_Jasho

#1 Karatasi haina aibu, inakubali lolote. Hata mimi naweza kuandika kwamba nina ng'ombe hasi 10, nikimwongezea jirani yangu zizi lake litapungua ng'ombe 10. Hesabu iko sawa kabisa. Sasa nionyeshe ng'ombe hasi mnadani.

#4 MwalimuWaJioni

Nafundisha fizikia hapa Tabora, mniwie radhi nikirefusha.

Mvuja_Jasho amegusa penyewe. Jiwe, maji, chuma, hata mwanga, vyote vina nishati chanya, na nishati chanya huipinda nafasi upande mmoja tu: huvuta. Ndiyo sababu embe likikatika linakuja chini. Kulisuka povu la Alcubierre unahitaji kinyume chake, nishati iliyo chini ya sifuri, yenye tabia ya kusukuma. Na si ya kijiko. Mwaka 1997 wanafizikia Pfenning na Ford walipiga hesabu ya povu la kutosha chombo, wakakuta nishati hasi inayotakiwa, ukiigeuza kuwa masi, inaipita masi ya ulimwengu wote unaoonekana, tena mara mabilioni.

Mwaka 1999 Chris Van Den Broeck akalibadili umbo: povu liwe dogo kwa nje na pana kwa ndani, mfano wa mtungi wenye shingo nyembamba. Hesabu ikashuka hadi masi ya majua machache. Kisha Harold White, akiwa NASA, shirika la anga la Marekani, akasema ukuta wa povu ukinenepeshwa inaweza kushuka mpaka uzito wa chombo cha anga kama Voyager, yaani mamia ya kilo. Lakini maabarani hakuna aliyewahi kuonyesha povu, kubwa wala dogo.

#5 MwishoWaReli

#4 Shukrani mwalimu. Ila umeona mwenyewe: kutoka ulimwengu mzima hadi kilo mia kadhaa, ndani ya miaka 15 hivi! Paneli za sola zenyewe hazijashuka bei namna hiyo.

#6 Mvuja_Jasho

Bei ya kitu kisichouzwa popote haishuki wala haipandi, fundi.

#7 BintiUjiji

Shikamooni wakubwa. Nasoma fizikia chuo, niko nyumbani likizo.

#3 na #6, kaka yangu, ng'ombe hasi hajakosekana kabisa. Mwaka 1948 Mholanzi Hendrik Casimir alitabiri kwamba ukiweka sahani mbili za chuma zikaribiane mno ndani ya ombwe, yaani mahali patupu pasipo hata hewa, zitavutana zenyewe bila sumaku wala chaji. Ombwe halijatulia kama tunavyolidhania, lina mitetemo. Katikati ya sahani baadhi ya mitetemo haipati nafasi, kwa hiyo nishati ya pale inakuwa pungufu kuliko ya ombwe la kawaida. Ukiliita ombwe sifuri, pale ni chini ya sifuri. Mwaka 1997 Steve Lamoreaux aliipima nguvu hiyo kwa uhakika, na utabiri ukakubali.

Kidogo, ndiyo. Lakini kipo.

#8 Mvuja_Jasho

#7 Bibie, marahaba. Hapo umeniweka sawa, nakubali kuna ndama hasi mmoja. Naomba sasa mnieleze kundi zima litapatikanaje, maana unavyosema nguvu yenyewe inaonekana sahani zikikaribiana mno tu.

#9 Asali_Sikonge

Mwangaluka wote. Mnahangaika na Wazungu bure. Wazee wetu walishalimaliza suala la usafiri, mtu analala Sikonge usiku anaswali alfajiri Sumbawanga, chombo ni ungo.

#10 Mgebuka_Mkavu

Nilijua tu ungo utakuja. Uzi wowote wa sayansi ukipita Tabora lazima ushushe ungo kituoni.

#11 Mzee_Gongoni

#9 Mwanangu, nakuomba kwa heshima. Utani na watani wetu wa Kigoma tunao, ila hili la ungo mimi halinichekeshi. Katika mkoa wetu vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Nimezika jirani yangu wa namna hiyo. Tuongee fizikia.

#12 Asali_Sikonge

#11 Mzee wangu umenigusa. Nimekosea, nisamehe. Naufuta kabisa.

#13 Mzee_Gongoni

Yamekwisha, mwanangu. Sasa nirudi kwenye mada, mimi nimefanya kazi ya reli maisha yangu yote.

#1 umeisimulia Liemba vizuri lakini umeikata mapema. Wakati huo ilikuwa inaitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, injini wakazipaka grisi nzito kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Hiyo ndiyo meli.

Jambo kubwa ulilolisahau ni kwamba meli ile isingefika kama reli isingetangulia. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Walikufa watu kwa homa na kwa kazi kuitandika, futi kwa futi. Hakuna aliyelala Dar akaamka Kigoma ikiwa njia haijapita mtu wa kwanza kwa miguu. Hilo povu lenu nani amelitangulia kulitandikia njia?

#14 BintiUjiji

#13 Babu, hujui ulichokisema! Nimesisimka.

Hilo ndilo tatizo alilolionyesha Mrusi mmoja, Serguei Krasnikov. Povu likienda kasi kuliko mwanga, nahodha aliye katikati hawezi kutuma ishara ifike ukingo wa mbele, kwa sababu ishara yenyewe haiwezi kuupita mwanga. Kwa hiyo hawezi kuliwasha, kuliongoza wala kulisimamisha. Lazima mtu mwingine awe ametangulia njiani kwa mwendo wa chini ya mwanga, apange vifaa.

Mwaka 1995 akapendekeza kitu tofauti: chombo kiende kwanza kwa kasi iliyokaribia ya mwanga, na kila kinapopita kiache nyuma yake njia iliyopindwa. Ukienda nyota ya mbali, wewe ndani ya chombo hutahisi muda mrefu kwa sababu ya kasi. Na ukirudi kwa njia hiyo uliyoitandika, unafika nyumbani muda mfupi tu baada ya kuondoka. Yaani reli. Kwenda ni taabu, kurudi ni mteremko.

#15 MwishoWaReli

#14 Dada yangu, hii sikuijua kabisa. Kwa hiyo kweli wanaongelea kutandika njia?

#16 BintiUjiji

Ndiyo. Ila wanafizikia Everett na Roman mwaka 1997 waliipitia kwa hesabu wakakuta nayo inadai nishati hasi ya kutisha. Na ukitandika mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, unapata mashine ya kurudi jana.

#17 Nahodha_Kibirizi

Mimi mashine ya kurudi jana ninayo, niwape ushahidi. Nabeba abiria na mizigo kutoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini mpaka Kagunga. Naondoka saa nne asubuhi. Tukishakaribia Kagunga, simu inasoma saa moja nyuma. Ghafla! Mara ya kwanza mama mmoja botini aliapa ziwa lina maruhani, akataka ashushwe.

#18 Mgebuka_Mkavu

#17 Nahodha, simu imeshika mnara wa Burundi. Wenzetu saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Kalemie, Kongo ng'ambo, ni hivyo hivyo.

#19 Nahodha_Kibirizi

#18 Najua mkuu, sasa hivi najua. Lakini siku ile nilimkaribisha yule mama kiti cha mbele na kumsomea dua, kwa sababu nami nilikuwa nimeogopa.

#20 SaaZaMezani

Nipo soko kuu Tabora, natengeneza saa za mkono tangu nikiwa kijana. Naomba mnieleze kitu kinachonikera siku zote. Mnasema wakati unapindika, unakwenda polepole sehemu moja na haraka sehemu nyingine. Saa zinazofika mezani kwangu zinapoteza dakika 5 kwa siku, nikifungua nakuta vumbi. Mnajuaje kinachochelewa ni wakati na si saa?

#21 MwalimuWaJioni

#20 Swali hilo ndilo hasa. Jibu: tumia saa isiyo na springi wala gurudumu.

Miale kutoka anga za mbali ikigonga hewa ya juu, kama kilomita 15 hivi, huzaa chembe ziitwazo muoni. Muoni ikiwa imetulia maabarani huishi wastani wa sehemu 2.2 za milioni ya sekunde, kisha inavunjika. Hata ikikimbia karibu na kasi ya mwanga, kwa umri huo ingeishia mita 660 tu. Lakini tunazipokea hapa chini, nyingi, zinapita mwilini mwako unavyosoma. Zinafika kwa sababu zinakimbia mno, na wakati wao ukilinganishwa na wetu unakwenda taratibu. Muoni haina mahali pa kuingia vumbi.

Mwaka 1971 Hafele na Keating walipakia saa nne za atomiki kwenye ndege za abiria, wakaizunguka dunia kwa mashariki kisha magharibi. Ziliporudi zilitofautiana na zile zilizobaki, kwa kiasi kilichotarajiwa.

#22 Kasulu_Kwetu

Tuwekane sawa basi. Kigoma mjini wako chini ziwani, karibu zaidi na kitovu cha dunia. Kwa hiyo saa za Kigoma zinakimbia kuliko za Tabora, sivyo?

#23 MwalimuWaJioni

#22 Kinyume chake, mkuu. Ukiwa chini zaidi, mvutano umekushika zaidi, na wakati wako unakwenda taratibu zaidi.

Tupige hesabu. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, Tabora kama mita 1,200. Tofauti ni mita 430 hivi. Kwa kila mita moja ya kupanda, saa inakimbia zaidi kwa sehemu moja ya kama 9,000,000,000,000,000. Ukizidisha kwa 430 na kwa sekunde 86,400 za siku, unapata nanosekunde 4. Yaani kila siku saa ya Tabora inaitangulia ya Kigoma kwa sehemu 4 za bilioni ya sekunde.

Msidhani nimeitunga. Mwaka 2020 Wajapani wakiongozwa na Hidetoshi Katori walitoa matokeo baada ya kupandisha saa ya kisasa kwenye mnara wa Skytree mjini Tokyo, mita 450 juu ya nyingine iliyobaki chini. Mita 450 ni karibu sawa na tofauti ya Kigoma na Tabora! Ya juu iliongoza kwa nanosekunde 4 na ushee kwa siku.

#24 Mgebuka_Mkavu

Kwa hiyo imethibitishwa kisayansi kwamba Wanyamwezi wanazeeka haraka kuliko Waha. Nilikuwa naona sura zao tu, sasa nimepewa na hesabu.

#25 Asali_Sikonge

#24 Mtani, sisi tunaitangulia kesho, ninyi bado mko jana na migebuka yenu. Tukifika tutawaachia taa.

#26 Mzee_Gongoni

Mimi Tabora nina miaka 70. Mwalimu, nimezeeka kiasi gani zaidi ya pacha wangu kama angekuwa Ujiji?

#27 MwalimuWaJioni

#26 Mzee wangu, shikamoo. Sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Bado kijana.

#28 Nahodha_Kibirizi

Na chini kabisa ya ziwa je? Pale kwenye kina cha mita 1,470.

#29 BintiUjiji

#28 Saa ingechelewa kama nanosekunde 14 kwa siku ikilinganishwa na ya ufukweni. Lakini nahodha, hii si hadithi ya mbali kwako. Ile ramani ya simu unayoitumia usiku inategemea setilaiti za GPS zilizo juu kama kilomita 20,200. Kule juu mvutano ni dhaifu, saa zinakimbia maikrosekunde (sehemu za milioni ya sekunde) 45 kwa siku; kwa mwendo wao zinachelewa 7; zinabaki zinaongoza 38. Wasingezirekebisha, kosa lingeongezeka kwa zaidi ya kilomita 10 kila siku. Unatafuta mwalo wa Kibirizi, unajikuta mbali kabisa na mwalo wenyewe.

Kwa hiyo uhandisi wa wakati upo tayari, uko mfukoni mwako. Hatuupindi sisi, tunaufuata tu ulivyopinda.

#30 MwishoWaReli

#29 Hapo kwenye "tunaufuata tu" ndipo ninapopataka. Baharia wa zamani alifuata upepo, baadaye watu wakatia injini. Kama tumeshajua kuupima, hatua ya pili ni kuuendesha.

#31 Mvuja_Jasho

#30 Fundi, unaruka hatua. Kupima mwezi ni tofauti na kuusogeza.

Nami nimesoma kidogo tangu jana, nisionekane mbishi wa kubisha tu. Tarehe 14 Septemba 2015 kituo cha LIGO huko Marekani kilipokea mawimbi ya mvutano, yaani mitetemo ya nafasi yenyewe, kwa mara ya kwanza. Mashimo meusi mawili, moja kama majua 36 na jingine 29, yaligongana umbali wa miakanuru kama bilioni 1.3 (mwakanuru ni umbali ambao mwanga huenda kwa mwaka). Masi ya majua 3 iligeuka kuwa mawimbi kwa sehemu ya sekunde. Majua matatu mazima! Na mawimbi yale yalipofika hapa, yalibadili urefu wa bomba la kilomita 4 kwa kiasi kidogo kuliko sehemu ya mia ya upana wa protoni, chembe iliyo ndani ya atomu.

Ndiyo kusema nafasi ni ngumu. Chuma mbele yake ni uji. Wewe na mashine yako ya kuchomelea utaanzia wapi?

#32 MwalimuWaJioni

#31 Ndugu yangu umenifurahisha. Kazi nzuri. Niongeze tu: umbali nao umechangia, wimbi linapungua kadiri linavyosambaa. Karibu na mgongano mpindo ulikuwa mkubwa mno. Lakini hoja yako inasimama, nafasi haipindiki kwa nguvu za kawaida.

#33 Kasulu_Kwetu

Na zile njia za mkato za kupita kwenye nafasi, matundu ya mnyoo? Nilisikia Einstein aliyaona 1915.

#34 BintiUjiji

#33 Nadharia yake kuu ya mvutano ni ya 1915. Hilo tundu aliliandika na Nathan Rosen mwaka 1935, wakaliita daraja. Tatizo ni kwamba linafunga kabla hata mwanga haujapita. Mwaka 1988 wanafizikia Morris na Thorne wakaonyesha linaweza kushikiliwa wazi mtu apite, kwa sharti la kulijaza… nishati hasi. Tumerudi kwa ng'ombe wa #3.

#35 Sala_na_Kazi

Asalam alaykum. Nimeupitia uzi wote, kuanzia juu. Kwa sisi waumini jambo la wakati kwenda tofauti halikuanza leo. Watu wa Pangoni walilala miaka 300 na kuongeza tisa, wao wakadhani ni siku moja au sehemu ya siku. Sisemi ni fizikia. Nasema mwenye wakati anaujua, na nafsi yangu hutulia nikisoma kwamba wanasayansi nao wameukuta si kamba iliyonyooka.

#36 MwalimuWaJioni

#35 Waalaykum salaam. Nimekuelewa, na umeiweka kwa adabu.

#37 Asali_Sikonge

Swali la mtu aliyejirekebisha. Kama mashine ya kurudi jana itakuja kutengenezwa hata baada ya miaka elfu, mbona hatuwaoni wageni kutoka huko? Nilisikia mwanafizikia Stephen Hawking aliwafanyia karamu 2012.

#38 BintiUjiji

#37 Ni tarehe 28 Juni 2009, Cambridge. Alitandika meza, na mialiko akaitoa baada ya karamu kupita, ili wafike wenye uwezo wa kurudi nyuma tu. Hakuja hata mmoja. Mwaka 1992 alikuwa ameshaandika dhana kwamba sheria za asili zenyewe zinaziba kila njia ya kwenda jana, ila ni dhana, haijathibitishwa.

#39 Mgebuka_Mkavu

Karamu ya Uingereza bila dagaa wala mawese, nani arudi miaka elfu kwa ajili ya biskuti?

#40 SaaZaMezani

#38 Au hawawezi kurudi zaidi ya siku mashine ya kwanza ilipowashwa. Huwezi kushuka kituo ambacho hakijajengwa.

#41 BintiUjiji

#40 Mzee wa saa, kwa mashine za matundu ya mnyoo wataalamu wanasema hivyo hivyo! Haikurudishi kabla ya yenyewe kuwepo. Kwa hiyo karamu ile haikuthibitisha mengi.

#42 Mvuja_Jasho

Mimi naona kinyume. Sababu lazima itangulie matokeo, na povu linaloupita mwanga linavuruga mpangilio huo: kuna mtazamaji atakayeona umefika kabla hujaondoka. Kwa hiyo sihitaji kusubiri nishati hasi. Asili imelikataa jambo lenyewe, nishati hasi ni namna yake ya kusema hapana.

#43 MwishoWaReli

#42 Na mimi naona asili haijasema hapana, imetaja bei. Kuna karatasi ya Bobrick na Martire ya 2021: povu la mwendo wa chini ya mwanga halihitaji nishati hasi. Na mwaka 2024 kundi jingine likatoa mfano kamili wa povu la namna hiyo, kwa nishati chanya tupu. Ng'ombe wa kawaida kabisa, wanapatikana mnadani.

#44 MwalimuWaJioni

#43 Umesoma kweli, fundi. Malizia na masi yake: katika ule mfano wa 2024 ni kama masi ya sayari ya Mshtarii mara mbili na ushee, iliyoshindiliwa kwenye gamba la mita chache. Na halikuzi mwendo, linakwenda kwa kasi moja. Namna ya kuliondoa kituoni bado ni kitendawili.

#45 MwishoWaReli

#44 Sawa mwalimu. Lakini mwaka 1994 tuliambiwa ng'ombe hayupo duniani. Leo tunaambiwa yupo ila ni mkubwa mno. Kwangu mimi hizo ni hatua. Voyager 1 iliruka 1977, inakwenda kama kilomita 17 kwa sekunde, na kwa mwendo huo umbali wa nyota jirani ya Jua letu ungeichukua zaidi ya miaka 70,000. Kama hakuna njia nyingine, basi binadamu amefungiwa uani. Mimi siwezi kulala na jibu hilo, ndiyo maana nimeanzisha uzi.

#46 Mzee_Gongoni

#45 Mwanangu, nakuelewa. Usiku, treni ikiwa imesimama katikati ya pori la Malagarasi, taa zote nje hakuna, nilikuwa nashuka na kuziangalia nyota. Hufikirii mshahara saa ile. Ila nilichojifunza relini ni kwamba aliyetandika mataruma si yeye aliyepanda behewa. Kama mtatandika, tandikeni mkijua hivyo.

#47 Nahodha_Kibirizi

#46 Mzee, maneno hayo nimeyanukuu kwenye daftari la safari.

Mwalimu, kesho naelekea Kagunga. Nikiondoka na saa mbili zinazofanana, moja nikaiacha Kibirizi, nitaona tofauti yoyote?

#48 SaaZaMezani

#47 Ziletwe kwangu kwanza nizisafishe vumbi.

#49 MwalimuWaJioni

#47 Ziwa ni tambarare, nahodha, hupandi. Kwa mwendo wa boti tofauti ipo lakini hakuna saa ya mkono itakayoiona.

#50 Kasulu_Kwetu

Mwalimu, na Kasulu? Sisi tuko milimani. Tunawashinda Tabora au hatuwashindi?

#51 MwalimuWaJioni

#50 Nitajie kwanza urefu wa pale nyumbani kwako kutoka usawa wa bahari, simu itakuonyesha. Kisha zidisha mwenyewe, kanuni iko #23.

#52 Mgebuka_Mkavu

Mkishapata jibu mnijulishe niko Uvinza. Bado sijaambiwa nafasi ikikunjwa shamba langu linakwenda wapi.